UZI: Vipimo vya damu vinavyotabiri nani atazidiwa na virusi vya mapafu, na kwa nini Kanda ya Ziwa inahitaji mizani yake

#1 Sampuli ya Asubuhi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Jumapili iliyopita ndugu mmoja anayekaa Buhongwa alinitumia kwa simu picha ya karatasi ya majibu ya mama yake, mwenye umri wa miaka 67, ambaye amelazwa kwa homa, kikohozi kikavu na kubanwa kifua. Kipimo cha puani kilikuwa kimeonyesha UVIKO-19. Kwenye karatasi ile mistari minne ilikuwa imewekewa alama ya nyota: CRP 96, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) 0.8, feritini 740, D-dimeri 1.4. Chini ya picha aliandika maneno mawili tu: "Atapona, kaka?" Nimefanya kazi ya maabara hapa Mwanza kwa miaka 14, na swali hilo nimeulizwa dirishani mara nyingi sana, mara zote nikiwa na foleni mbele yangu na chupa za damu mkononi. Leo nimepata nafasi ya kulijibu kwa utulivu, na ninaomba nilijibu hapa ili ndugu wengine wenye karatasi kama ile nao wapate kusoma.

Jambo la kwanza ni kwamba vipimo hivi havimtafuti kirusi. Anayemtafuta kirusi ni yule anayeingiza kijiti puani. CRP na wenzake hupima namna mwili unavyopambana, na ndiyo maana vinaweza kutabiri, kwa sababu katika ugonjwa kama UVIKO-19 mtu anayezidiwa kwenye siku ya nane au ya kumi mara nyingi kirusi kimekwishaanza kupungua mwilini mwake, ila mapambano hayajakoma, na sasa mapafu yake mwenyewe ndiyo yanayoumizwa.

Tuanze na CRP, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Iligunduliwa mwaka 1930 katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York na William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kuna kitu ndani ya damu hiyo kinachoshikamana na sehemu ya bakteria waliyoiita C, na kwamba mgonjwa akipona kitu hicho hutoweka. Leo tunajua kuwa ni protini inayotengenezwa na ini baada ya kupokea amri ya kemikali ya mwili iitwayo intaleukini-6. Huanza kupanda ndani ya saa 6 hadi 8, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na chanzo kikizimika hupungua nusu kila baada ya saa 19 au karibu na hapo. Hizo saa 19 ninaomba mzikumbuke, kwa sababu maana yake ni kwamba CRP ya leo haielezi mengi mpaka iwekwe kando ya CRP ya kesho kutwa. Mgonjwa aliyekuwa na 96 na baada ya siku mbili ana 40, ini lake limeanza kupumzika. Aliyekuwa na 96 na sasa ana 130, hata kama amekaa kitandani anakunywa uji na kuwasalimu wageni, asilale usiku huo bila mtu wa kumhesabia pumzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike uzi huu. Karatasi ya majibu ina safu ya namba, na pembeni yake ina safu nyingine inayosema "kiwango cha kawaida". Watu wengi, na nasema kwa heshima kwamba wamo pia wenzangu wa kada ya afya, huisoma safu hiyo ya pili kana kwamba ilipimwa kwa watu wa Nyamagana na Ilemela. Mara nyingi sivyo. Mashine huja na viwango vyake kutoka kiwandani, na mipaka ya hatari tunayoitumia kutabiri nani atazidiwa ilipatikana kwa wagonjwa wa Wuhan, wa Italia, wa Uingereza na wa Marekani. Baadhi ya mipaka hiyo inasafiri vizuri, na mingine ikifika huku ziwani inapotosha.

Chukueni uwiano wa nyutrofili (aina nyingine ya chembe nyeupe) na limfosaiti, ambao ulisifiwa sana mwaka 2020 kwa kuwa hauhitaji kitu chochote zaidi ya FBP ya kawaida, yaani hesabu kamili ya chembe za damu. Mantiki yake ni nzuri: ugonjwa ukiwa mkali nyutrofili hupanda, limfosaiti hushuka, kwa hiyo ukigawanya moja kwa nyingine unapata namba inayokua kwa kasi. Lakini walio wengi sana katika ukanda wetu wamerithi badiliko la kijeni linaloondoa alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu. Badiliko hilo liliwakinga mababu zetu dhidi ya aina ya malaria iitwayo vivaksi, na pamoja na kinga hiyo lilikuja jambo jingine lisilo na madhara: nyutrofili zinazozunguka kwenye damu yetu ni chache kuliko za Mzungu au Mchina mwenye afya ileile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowapima watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000 wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, wakiwemo wa Entebbe ambao wanakunywa maji ya ziwa hilihili, ulionyesha jambo hilo waziwazi. Basi mtu wa Magu anayeanzia na nyutrofili chache akiugua sana, uwiano wake unaweza kubaki chini ya mpaka uliowekwa Wuhan, na karatasi ikatuambia hana shida wakati tayari anazidiwa.

LDH na feritini zina mtego mwingine. LDH ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli, na seli za mapafu zikiumia humwagika kwenye damu. Feritini ni ghala la madini ya chuma, nayo hupanda mwili ukiwa katika hali ya mapambano makali. Vyote viwili vilionekana kuwa juu kwa waliofariki katika taarifa za mwanzo za Wuhan. Lakini sisi tunaishi katika eneo ambalo selimundu ni ugonjwa wa kila mtaa. Uchunguzi wa watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta takriban mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Mwenye ugonjwa huo chembe zake nyekundu huvunjika kila siku, kwa hiyo LDH yake iko juu hata siku anayocheza mpira. Na kama ameongezewa damu mara nyingi, feritini yake inaweza kuwa katika maelfu bila kirusi chochote. Malaria nayo hupandisha CRP, hupandisha feritini na hushusha chembe sahani. VVU hushusha limfosaiti. Kichocho na minyoo hupandisha eosinofili (nazo ni chembe nyeupe), wakati ambapo kutoweka kwa eosinofili kulitajwa kuwa dalili ya UVIKO-19 mkali. Hakuna lolote kati ya haya ambalo ni la nadra hapa kwetu.

Kuhusu D-dimeri nitasema mambo mawili. Hiki ni kipande kinachobaki baada ya mwili kuyeyusha bonge la damu, na taarifa ya Machi 2020 kuhusu wagonjwa 191 wa hospitali mbili za Wuhan ilionyesha kuwa waliolazwa wakiwa na zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Jambo la kwanza, kuna vizio viwili vinavyotumika duniani, na kimoja hutoa namba iliyo karibu mara mbili ya kingine kwa damu ileile, hivyo mgonjwa aliyepimwa katika maabara mbili tofauti anaweza kuonekana amezidiwa au amepata nafuu kumbe kilichobadilika ni kizio. Jambo la pili, D-dimeri hupanda kwa umri na kwa ujauzito, hata pasipo ugonjwa.

Nimalizie chapisho hili la kwanza kwa kuonyesha jinsi wenzetu walivyoziweka namba hizi mahali pake. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitengeneza alama za kutabiri kifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa, zinazoitwa 4C, kwa kutumia taarifa za wagonjwa zaidi ya 35,000. Alama hizo zina vipengele nane: umri, jinsia, magonjwa mengine aliyonayo mtu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, ufahamu, yurea (taka inayochujwa na figo) na CRP. Hesabuni wenyewe. Kati ya vinane, vinavyotoka kwenye chupa ya damu ni viwili tu. Vingine sita tabibu anavipata kwa kumwangalia mgonjwa, kumuuliza, kumhesabia pumzi na kumbana kifaa kidoleni.

Mama wa Buhongwa, kwa maelezo ya mwanawe, alikuwa anapumua mara 22 kwa dakika, oksijeni 95 bila msaada wa mtungi, na alikuwa anawatambua wote. Nilimjibu kaka yangu kwamba karatasi ile haisemi kama atapona au la. Inasema apimwe tena CRP baada ya siku mbili, apimwe malaria, na pumzi zake ziandikwe kila baada ya saa nne.

#2 Tabibu wa Visiwani

Mtaalamu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi nipo kwenye zahanati Ukerewe. Kwetu hakuna mashine ya CRP wala ya D-dimeri. Nikitaka FBP, sampuli inapanda bodaboda, halafu mtumbwi, halafu bodaboda tena. Majibu yakirudi mgonjwa amekwishapona au amekwishahamishwa. Je, kwa mtu wa mazingira yangu uzi huu una faida gani? Naomba nijibiwe kwa dhati, kwa sababu tumezoea kuelezwa mambo ambayo hatuwezi kuyafanya.

#3 Sampuli ya Asubuhi

Tabibu, swali lako ni la haki, na nitalijibu kwa kukueleza kwanza ninavyoipokea sampuli yako huku mwisho wa safari.

Chupa ya kofia nyekundu ikifika, tunaizungusha kwenye sentrifuji ili damu itulie chini na majimaji yabaki juu. Majimaji hayo yanapaswa kuwa na rangi ya njano nyepesi, kama mafuta ya alizeti. Sampuli iliyotikiswa juu ya bodaboda na mawimbi kwa saa tano, au iliyovutwa kwa sindano nyembamba kwa nguvu, majimaji yake hutoka mekundu kama juisi ya rozela. Chembe nyekundu zimepasukia njiani. Ndani ya chembe hizo LDH ni nyingi kuliko iliyomo kwenye majimaji kwa zaidi ya mara 100, kwa hiyo nikiipima namba itaruka, na daktari atasoma kwamba mapafu ya mtu wa Ukerewe yanaharibika, kumbe kilichoharibika ni damu iliyokuwa kwenye chupa. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo sampuli kama hiyo ilipimwa na majibu yakatolewa bila maelezo, na mgonjwa akaletwa mjini usiku kwa gharama ya familia. Alikuwa na mafua. Tangu siku ile sampuli yenye rangi hiyo siipimi LDH hata nikisihiwa. Chupa ya bluu ya D-dimeri ni vivyo hivyo: isipojazwa hadi kwenye mstari, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa iliyomo, majibu yake hayafai.

Kwa hiyo, Tabibu, mimi ninasema usisafirishe sampuli kwa ajili ya LDH. Ulicho nacho mkononi ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za kasi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mtu mzima akizidi 30 ni hali ya hatari. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia au ananyonya, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Oksijeni ikiwa chini ya 90 mgonjwa anahitaji oksijeni na rufaa. Ila kifaa cha kidoleni nacho kisome kwa tahadhari. Taarifa ya Desemba 2020 kutoka Marekani ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa weusi ambao kifaa kilisoma 92 hadi 96, takriban 12 katika kila 100 walikuwa na oksijeni chini ya 88 ilipopimwa kwenye damu yenyewe, ilhali kwa wagonjwa weupe walikuwa karibu 4. Mgonjwa wako akisoma 93 huku mbavu zinaingia ndani na hawezi kumaliza sentensi, ziamini mbavu.

#4 Mama Wawili wa Igoma

Samahani kaka, naomba kuuliza kama mzazi. Mwanangu wa miezi 7 alipata kikohozi cha kubana na kupiga filimbi kifuani, tukaambiwa ni kirusi cha RSV. Ndani ya siku tatu alitolewa damu mara nne. Alilia mpaka sauti ikakauka. Je, kulikuwa na ulazima?

#5 Sampuli ya Asubuhi

Pole sana dada yangu, na mtoto apate afya njema.

Siwezi kuhukumu uamuzi wa daktari ambaye simjui na mgonjwa nisiyemwona. Yapo mazingira ambayo damu inahitajika, kwa mfano mtoto akiwa hawezi kunyonya na inabidi kuangalia sukari na chumvi za mwili wake, au pakiwa na shaka ya bakteria. Lakini kwa RSV peke yake, hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachotabiri ukali wa ugonjwa kwa mtoto mchanga vizuri kuliko umri wake, kwamba alizaliwa njiti au la, jinsi anavyonyonya, jinsi anavyopumua na oksijeni yake. CRP hapa husaidia zaidi kuamua kama apewe antibiotiki.

Hapo ndipo nchi yetu ina jambo la kujivunia. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na wenye malaria walikuwa asilimia 11 tu. Kisha kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watoto zaidi ya 3,000 wa Dar es Salaam walihudumiwa kwa mwongozo wa kielektroniki. Kundi moja mwongozo wake uliongezewa vipimo vya papo kwa papo, CRP na prokalsitonini (protini ya damu inayopanda zaidi maambukizi yakiwa ya bakteria) vikiwemo. Katika kundi hilo waliopewa antibiotiki walikuwa asilimia 11.5, wakati kundi lililolinganishwa nalo walikuwa asilimia 29.7, na katika huduma ya kawaida ilikuwa karibu kila mtoto, asilimia 95. Watoto walioshindwa kupona hawakuongezeka, bali walipungua. Angalia, dada, kwamba mpaka wa CRP uliotumika pale ulikuwa 80, namba iliyo juu sana kuliko kiwango cha "kawaida" kinachochapishwa kwenye karatasi zetu. Mtoto mwenye kirusi cha kawaida anaweza kufika 40 au 50 bila kuhitaji antibiotiki.

Na kuna jambo jingine lililofanyika ng'ambo ya ziwa letu. Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, watoto zaidi ya 2,500 wenye homa wa chini ya miaka mitano walipimwa damu walipofika hospitali, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukaonyesha kwamba protini iitwayo sTREM-1, inayotolewa na chembe nyeupe zinapochochewa kupita kiasi, ilitambua waliokuwa katika hatari ya kufa vizuri kuliko CRP na prokalsitonini, bila kujali kama chanzo kilikuwa malaria au nimonia. Kipimo hicho bado hakipo madirishani petu. Ninakitaja kwa sababu mpaka wake ulitafutwa kwa watoto wa pwani ya ziwa hili, na nina shauku kubwa ya kukiona kikifika.

#6 Mwaka wa Nne

Ndugu mwandishi, nakubaliana na mengi, ila naona hatari katika hoja yako. Ukisema mipaka ya nje haitufai, kuna watu watakaosema basi tusipime kabisa mpaka tutafiti wenyewe, na hiyo ni miaka 20. Ushahidi upo. Tosilizumabu, dawa inayoizuia intaleukini-6, ilitolewa kwa kuangalia CRP, na ilipunguza vifo. Anakinra, dawa nyingine ya kutuliza mapambano ya mwili, ilitolewa Ulaya kwa wenye suPAR (protini ya damu inayoashiria mapambano hayo) ya nanogramu 6 kwa mililita au zaidi. Mwaka 2020 iligundulika kwamba kati ya wagonjwa 987 wa UVIKO-19 waliokuwa mahututi, 101 walikuwa na kingamwili zinazoshambulia intaferoni (kemikali za kupambana na virusi) za mwili wao wenyewe, na 95 kati yao walikuwa wanaume. Je, hatupaswi kulenga vipimo vya juu kama hivyo, badala ya kubishana kuhusu FBP?

#7 Sampuli ya Asubuhi

Mdogo wangu, umesoma vizuri, na umenisaidia kulisema jambo ambalo sikulisema sawasawa. Sisemi tusipime. Ninasema kila kipimo kiulizwe: majibu yakija juu nitafanya nini ambacho nisingefanya yangekuja chini?

Tosilizumabu ni mfano mzuri kwa sababu swali hilo lilijibiwa kabla. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, walioingizwa walikuwa wale ambao oksijeni yao ilikuwa chini ya 92, au wanaohitaji oksijeni, na pamoja na hayo CRP yao ilikuwa 75 au zaidi. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 31 kwa waliopewa dawa na asilimia 35 kwa wasiopewa. CRP ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na dawa. Hapa kwetu dawa hiyo ni ghali mno, kwa hiyo mtu wa Misungwi akifungua mlango huo anakuta ukuta. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo ni ya bei nafuu na tunayo, katika jaribio hilohilo ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni; kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida yoyote, na kulikuwa na shaka kwamba inaweza kuwadhuru. Anayeamua nani aipate ni oksijeni. Hakuna CRP wala feritini katika uamuzi huo.

Kingamwili dhidi ya intaferoni ni jambo la kushangaza na la kweli, nami ningependa zipimwe huku. Lakini wakati tunazisubiri, tunacho kitu kisichohitaji mpaka wa Wuhan wala wa London: mgonjwa mwenyewe kulinganishwa na mgonjwa mwenyewe. Mwenye selimundu ambaye LDH yake ya kliniki ya Januari inajulikana, akija na homa na LDH imepanda mara mbili ya ile, hiyo ni habari. Asiye na alama ya Duffy, kama wengi wetu, ambaye nyutrofili zake za miezi sita iliyopita zimeandikwa kwenye daftari lake, uwiano wake wa leo una maana. Ndiyo maana ninawasihi watu watunze karatasi zao za zamani, wasizitupe wala kufungia karanga.

#8 Mkazi wa Buhongwa

Kaka, ni mimi niliyekutumia picha. Mama amepimwa tena jana: CRP 58, limfosaiti bado 0.8, malaria hana. Tumefurahi. Ila nesi aliponiuliza kwa undani nikakumbuka kwamba kabla ya kulazwa, duka la dawa la mtaani walimchoma sindano siku mbili mfululizo, wakasema ni ya kufungua kifua. Kichupa nilikihifadhi. Kimeandikwa deksamethasoni. Je, inabadilisha chochote?

#9 Sampuli ya Asubuhi

Inabadilisha, na umefanya vyema sana kukihifadhi kichupa. Kionyeshe kwa daktari leo hii.

Deksamethasoni hushusha limfosaiti na kupandisha nyutrofili kwa yeyote, awe mgonjwa au mzima. Kwa hiyo ile 0.8 iliyokutisha inawezekana kwa sehemu kubwa iliandikwa na sindano. Vilevile dawa hiyo huizuia intaleukini-6, na ini likikosa amri hutengeneza CRP kidogo. Basi kushuka kutoka 96 hadi 58 ni habari njema, ila usiitegemee peke yake, kwa maana sehemu yake yaweza kuwa kazi ya dawa. Pumzi zake zikoje leo, na oksijeni?

#10 Mkazi wa Buhongwa

Pumzi 18. Oksijeni 97. Ametembea mwenyewe hadi chooni na kurudi, ameomba sato wa kuchemsha.

#11 Sampuli ya Asubuhi

Alhamdulillahi, na sifa kwa Mungu kwa jina lolote mnalomwita. Hizo namba mbili ulizoandika, pamoja na hiyo safari ya chooni, zimenituliza kuliko CRP.

Sasa nina ombi kwa wenzangu wa maabara wanaosoma uzi huu, kuanzia Sengerema hadi Musoma na Bukoba. Fungueni karatasi za FBP za mashine zenu, mwandike hapa kiwango cha chini cha nyutrofili kilichochapishwa, na mwandike kilitoka wapi: kiwandani, kwenye mwongozo wa wizara, au kwa kupimwa watu wenye afya wa eneo lenu. Msiandike jina la kituo wala la mgonjwa.

#12 Tabibu wa Visiwani

Nimempigia simu jamaa wa maabara tunakopeleka sampuli. Kiwango cha chini ni 2.0. Anasema mashine ilikuja nacho.

#13 Chembe Nyeupe

Huku kwetu, upande wa Mara, ni 2.0 pia, na ilikuja nacho. Mwaka jana nilipima damu yangu mwenyewe nikiwa mzima kabisa, nikapata 1.6, na karatasi ikaniwekea nyota.